HAJA YA MSAFIRI: TWAHARA, SWALA NA AMANA YA BARABARA

(Muhadhara uliotolewa mbele ya waumini mjini Kahama)

Shukrani zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemuumba mwanadamu, akamruzuku chakula na maji, akampa nguvu kutokana na vyakula hivyo, kisha akamwepesishia kutoka kwa yale ambayo yangebaki tumboni mwake yangemdhuru. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, swahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. 

Mji wetu huu umesimama juu ya barabara. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam hupita Morogoro, Dodoma, Singida, Igunga na Nzega, yakafika Tinde, yakakata kuelekea Isaka na Kahama, kisha yakaendelea Masumbwe, Ushirombo na Runzewe mpaka mipaka ya Rwanda na Burundi. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Mengine hukata kuelekea Kakola na Geita, yakipeleka mafuta, saruji, vipuri na kemikali migodini. Na huko Geita kuna fuso na matipa yanayobeba mawe na marudio kutoka kwa wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu, usiku na mchana. Ndani ya kila gari mna mtu, na mtu ana haja zake. Swali letu leo ni hili: mtu huyu aendeshaye saa nyingi bila kusimama, anajisaidia wapi, anajitwaharisha vipi, na swala yake iko katika hali gani?

DINI ISIYOONA HAYA KUFUNDISHA

Huenda baadhi yetu wakaona mada hii haistahiki kusemwa msikitini. Jambo hili si geni. Imam Muslim amepokea kwamba swahaba Salman Al-Farisi (R.A.) aliambiwa na baadhi ya washirikina, kwa njia ya kejeli, kuwa Mtume wenu anawafundisha kila kitu, hata namna ya kwenda haja. Salman hakutahayari. Alikiri kwamba ndivyo ilivyo, kisha akawahesabia mafundisho yenyewe: tusielekee Kibla tunapokwenda haja, tusijisafishe kwa mkono wa kulia, tusitumie mawe chini ya matatu, wala tusijisafishe kwa kinyesi cha mnyama au kwa mfupa. Kile ambacho mpinzani alikiona ni aibu, Salman alikiona ni neema.

Angalieni pia adabu ya Qur'an. Katika Suratul Maida aya ya 6, Mwenyezi Mungu (S.W.) anapotaja aliyetoka haja, anatumia neno al-ghait. Asili ya neno hili katika lugha ya Kiarabu ni bonde au ardhi iliyoinama. Waarabu walipotaka kujisaidia walikuwa wakiteremka mahali pa namna hiyo wasionekane, na jina la mahali likawa ndilo jina la tendo. Waswahili nao wakafanya vivyo hivyo. Tunasema "haja", yaani hitaji. Na basi linaposimama porini, abiria huambiwa washuke wakachimbe dawa. Lugha zote mbili zinastiri jambo hili kwa maneno. Kinachotakiwa ni kulistiri kwa matendo pia. Na aya hiyo hiyo inamalizia kwa kutubainishia kuwa Mwenyezi Mungu hakusudii kututia katika uzito, bali anakusudia kututwaharisha. Ndugu zangu, yashikeni mambo haya mawili, wepesi na twahara, kwani juu yake ndiko utakapojengeka muhadhara wetu wote.

ALIYEBANWA NA HAJA HAHUKUMU

Madereva wengi wamezoea njia mbili za kuikimbia haja. Ya kwanza ni kujizuia kwa saa nyingi, na ya pili ni kutokunywa maji ili haja isije. Zote mbili zina madhara.

Ama kujizuia, Imam Muslim amepokea kutoka kwa Mama Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuswali hali ya kuwa chakula kimeandaliwa, au hali ya kuwa mtu anashindana na haja mbili, yaani ndogo na kubwa. Na Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kisa cha Abdullah bin Arqam (R.A.), naye alikuwa safarini na ndiye aliyekuwa akiwaongoza watu wake katika swala. Siku moja swala ilipokimiwa alimtanguliza mtu mwingine aswalishe, yeye akaenda haja, akawaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) ameelekeza hivyo: swala ikikimiwa na mtu akawa na haja, basi aanze na haja yake. Tazameni, imamu anaiacha nafasi yake na jamaa imesimama! Ikiwa swala, ambayo ni nguzo ya dini, inangoja, ni mzigo gani duniani usioweza kungoja dakika kumi?

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Bakra (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza kadhi asihukumu baina ya watu wawili akiwa na hasira. Wanazuoni wa fiqhi walipoitafiti sababu ya katazo hili waliona kwamba ni kushughulika kwa moyo na kuvurugika kwa fikra. Wakaingiza humo njaa kali, usingizi, na mtu aliyebanwa na mkojo, ambaye katika vitabu vyao huitwa al-haaqin. Wakasema huyu naye asihukumu mpaka haja yake imtoke.

Sasa pimeni wenyewe. Kadhi huyu ameketi kwenye mkeka, na mbele yake kuna watu wawili wanaogombania mbuzi. Dereva ameketi juu ya tani nyingi za mzigo na kila dakika anahukumu: alipite gari la mbele au asilipite, apunguze mwendo kwenye makazi ya watu au asipunguze, yule mtoto aliye ukingoni mwa lami atavuka au hatavuka. Ikiwa kadhi amezuiliwa kuhukumu juu ya mbuzi, basi dereva ana haki zaidi ya kuzuiliwa kuhukumu juu ya roho za watu. Aliyebanwa huongeza mwendo ili awahi kituo cha mbele, na jicho lake huwa halipo barabarani. Mwenyezi Mungu (S.W.) ametukataza katika Suratul Baqara aya ya 195 tusijitupe wenyewe kwenye maangamizi, na Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kulipizana madhara.

Ama kujinyima maji, nchi yetu hii ya Shinyanga ni kavu na jua lake ni kali, na ndani ya kabini joto la injini huongezeka juu ya joto la jua. Madaktari wanaeleza kwamba mwenye kunywa maji kidogo mkojo wake huwa mzito, na uzito huo ni miongoni mwa sababu za mawe kwenye figo. Mwenye kuzoea kuubana kwa muda mrefu huwapa vijidudu nafasi ya kukaa katika kibofu. Dalili ni nyepesi kuzijua: mkojo ukiwa na rangi ya chai, mwili unaomba maji. Ukiambatana na maumivu, au ukionekana una damu, hiyo si habari ya kunyamaziwa, bali mtu aende hospitali. Na mzee ambaye mkojo humjia mara kwa mara, ukatoka kwa shida na kukatikakatika, asione haya kupimwa tezi dume na kisukari. Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

HUKUMU YA CHUPA

Wengine hawashuki kabisa. Hukojoa katika chupa ya plastiki ndani ya gari, kisha wakaitupa dirishani. Na kwa kuwa wengi wanauliza hukumu yake, ni wajibu tuitenganishe vizuri, tusiharamishe ambacho sheria haikukiharamisha wala tusihalalishe uchafu.

Kukojoa katika chombo, kwa asili yake, kunajuzu penye haja. Abu Daud na Nasai wamepokea kutoka kwa Umaima bint Ruqaiqa (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa na chombo cha mti chini ya kitanda chake, akikojolea humo usiku. Kwa hiyo dereva aliyekwama katika foleni ndefu, au aliye mahali ambapo kushuka ni hatari, au aliye katika msafara wa magari ya kemikali usioruhusiwa kusimama ovyo, akitumia chombo hakuna lawama juu yake. Lakini kuna masharti. Kwanza, gari liwe limesimama, kwani mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye chupa ni kuchezea roho. Pili, ajistiri, hata mbele ya utingo wake. Tatu, ajihadhari na matone. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipita kwenye makaburi mawili akaeleza kuwa wenyewe wanaadhibiwa, na mmoja wao alikuwa hajihadhari na mkojo. Nne, chombo kiwe ni kimoja chenye mfuniko imara na alama yake, kimwagwe chooni na kuoshwa.

Ama kuitupa chupa ile barabarani, hapo ndipo penye uharamu. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa zimebaki, na watoto wetu huziokota kandokando ya lami ili wakaziuze au wazitumie nyumbani. Chupa ile ile kesho hutiwa mafuta ya taa, maziwa au asali. Mtoto wa Muislamu mwenzako, au wa jirani asiye Muislamu, anaifungua kwa mikono yake. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi katika matawi ya imani. Basi huyu anayeuweka udhia njiani ameing'oa imani yake kwa kiasi gani?

PORINI, CHINI YA MTI NA KWENYE LAMBO

Asiyepata choo akashuka porini, naye ana mafundisho yake. Mughira bin Shu'ba (R.A.) alisafiri na Mtume (S.A.W.), na Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwake kwamba alipotaka kwenda haja alikwenda mbali mpaka akafichika machoni pake. Kusimama ubavuni mwa tairi huku mabasi yanapita na wanawake wanatazama si mwendo wake. Hata hivyo, aliyeshindwa kwenda mbali kwa kuhofia usalama wake au mzigo, na astirike kwa gari lenyewe au kwa mwenzake. Hudhaifa (R.A.) amesimulia, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alipofika penye jalala la watu alikojoa akiwa amesimama, akamwita Hudhaifa asogee, naye akasimama nyuma yake. Wanazuoni wamechukua hapa kwamba kusimama kunajuzu ikiwa mtu amesalimika na matone na hatazamwi, ingawa kuchutama ndiyo ada yake iliyo nyingi. Utingo naye anaweza kuwa stara ya mwenzake.

Wanawake walio safarini mtihani wao ni mzito zaidi. Msiwashushe kwenye kichaka kimoja na wanaume, wala msiwaache waende peke yao gizani. Dereva mwenye khofu ya Mungu huwatafutia kituo chenye choo kabla hawajaomba.

Kisha kuna mahali palipokatazwa. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) ametahadharisha juu ya mambo mawili yanayomletea mtu laana za watu: kujisaidia katika njia yao au katika kivuli chao. Katika hadithi ya Muadh bin Jabal (R.A.) aliyoipokea Abu Daud, yametajwa pia maeneo ya kuchotea maji. Katika ardhi yetu iliyo wazi, mti mmoja wenye kivuli kando ya barabara ndio kituo cha wachunga ng'ombe, ndio soko la mama anayeuza viazi na karanga, na ndio mapumziko ya mgonjwa anayengoja gari. Anayeuchafua amewanyang'anya wote hao.

Na Mtume (S.A.W.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Hili wenyeji wa Shinyanga wana sababu ya kulifahamu kuliko wengine. Ugonjwa wa kichocho cha mkojo umejulikana kwa miaka mingi katika vijiji vyetu. Mayai yake hutoka katika mkojo wa mgonjwa, yakaanguliwa ndani ya maji, vijidudu vikaingia katika konokono, vikatoka humo na kupenya ngozi ya mtoto anayeoga au mwanamke anayechota maji kwenye lambo. Ama haja kubwa, ni njia ya kipindupindu na maradhi ya kuhara. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulisambaa katika mikoa mingi ya nchi, na maradhi hayo hufuata watu, na watu hufuata barabara. Asiyepata choo na achimbe shimo dogo, mbali na maji na njia, kisha afukie. Jembe dogo au sepetu katika gari haizidishi mzigo.

SWALA HAINGOJI MZIGO UFIKE

Sasa tufike kwenye msiba wenyewe. Wako madereva Waislamu wanaotoka Dar es Salaam na hawaswali mpaka wafike Rusumo au Kabanga. Ukimuuliza mmoja wao atakwambia: nguo zangu hazina twahara, maji sina, nitaswali nikifika. Siku mbili, tatu, swala kumi na kumi na tano zinapotea, wala hakuzikataa kwa kiburi. Ameziacha kwa sababu ya matone ya mkojo! Shetani amemwingilia kwenye mlango mdogo kabisa, naye Mola wake alikwisha kumfungulia milango mingi ya wepesi. Sikilizeni milango hiyo.

Kwanza, matone yakiingia kwenye nguo huoshwa mahali palipoingia tu, si nguo nzima. Ukiweka kikoi au kanzu moja safi katika mfuko kwa ajili ya swala, umemaliza hoja hii. Na asiyekuwa na yakini kuwa kuna tone, asiifuate wasiwasi, kwani yakini haiondolewi na shaka.

Pili, maji yanayohitajika ni kidogo. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudd moja, nayo ni kipimo kisichofika lita moja. Dumu la lita tano nyuma ya kiti, likitumiwa kwa adabu hiyo, linatosha udhu na kustanji kwa siku nzima. Anayekosa maji ya kustanji hujisafisha kwa mawe matatu au kwa karatasi laini mpaka uchafu utoke. Anayekosa maji ya udhu, baada ya kuyatafuta, hutayamamu kwa udongo safi. Lakini asitayamamu aliyeegesha penye bomba.

Tatu, aliyevaa soksi au buti alizozivaa akiwa na udhu, si lazima azivue kila mara. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Ali (R.A.) kwamba msafiri amepewa siku tatu na usiku wake za kupangusa juu ya khofu zake, na mkazi amepewa siku moja na usiku wake. Hili linawahusu pia ndugu zetu wanaofanya kazi migodini na buti zao ngumu.

Nne, msafiri hupunguza swala za rakaa nne, na Mtume (S.A.W.) katika safari ya Tabuk alijumuisha Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Kwa hesabu hiyo, dereva anahitaji kusimama mara tatu tu: Alfajiri, mchana na usiku. Na vituo hivyo vitatu ndivyo hivyo hivyo vya haja, chakula na maji! Akiongeza kimoja au viwili vya haja peke yake, amepata mpango wa siku nzima. Lakini asiswali faradhi akiwa kwenye usukani, kwani Mtume (S.A.W.) aliswali sunna juu ya kipando chake, na alipotaka kuswali faradhi aliteremka.

Tano, ambaye mkojo humtoka bila ya hiari kwa maradhi, hasamehewi swala bali amesahilishiwa. Ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe baada ya wakati kuingia, kisha aswali, wala kinachomtoka baada ya hapo hakimdhuru.

BAINA YA TAJIRI NA DEREVA

Madereva watasema: mwalimu, haya tumeyasikia, lakini gari lina mtambo wa setilaiti. Nikisimama dakika tano simu inalia, tajiri anauliza kwa nini umesimama. Ni kweli, na pande zote mbili zina la kujibu.

Wewe mwenye gari, Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Dharr (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kuwakalifisha walio chini yetu yanayowashinda, na tukiwakalifisha basi tuwasaidie. Unamkalifisha mtu aizuie haja yake ambayo wewe mwenyewe huwezi kuizuia ukiwa umekaa dukani? Na sheria ya nchi, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60. Panga vituo pamoja na dereva wako kabla gari halijawashwa, viandikwe, na katika posho yake ya safari ihesabiwe pesa ya choo na maji. Ukiona gari limesimama kituoni, nyamaza.

Nawe dereva, jiulize ni nani aliyemfunza tajiri kuitilia shaka kila dakika ya kusimama. Ni yule anayesimama gizani akanyonya mafuta ya gari, akayauza kwa madumu, akasema nilikuwa najisaidia. Mwizi huyu hakuiba dizeli tu, ameiba pia haki ya wenzake ya kusimama. Uaminifu wako ndio utakaokufungulia mlango wa kituo.

MISIKITI YETU NA WAPITA NJIA

Mwisho, neno langu ni kwenu nyinyi waumini wa misikiti iliyo kandokando ya barabara, kuanzia Tinde, Isaka na hapa Kahama mpaka Masumbwe, Ushirombo, Runzewe na Geita. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba kwenye milango ya misikiti kulikuwa na visima vya maji, na anayeingia huosha miguu yake kwanza. Msikiti wa Waswahili tangu zamani ulimpokea mgeni kwa maji. Je, misikiti yetu leo inampokea kwa nini? Mara nyingi ni kwa kufuli. Swala ya Isha ikiisha choo hufungwa, na dereva anayefika saa nne usiku hukuta mlango umefungwa kwa mnyororo, akazunguka ukuta akajisaidia hapo. Asubuhi tunamlaani. Haya, nani aliyemfikisha hapo?

Najua mtasema kuwa wageni huchafua, na wengine huiba ndoo na mabomba. Ni kweli hutokea. Lakini bedui mmoja alikojoa ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.) wenyewe, mbele ya macho ya swahaba, na Mtume akawazuia wasimkatize, akaamrisha ndoo ya maji imwagwe mahali pale, kisha akamfundisha kwa upole. Hakuufunga msikiti.

Basi kila kamati ya msikiti ikae iamue mambo matano yasiyohitaji mfadhili. Moja, choo kimoja kisifungwe usiku, kiwe na taa, maji na komeo la ndani. Mbili, cha wanawake kitengwe na mlango wake uelekee upande mwingine. Tatu, kibao kiwekwe barabarani kinachosomeka kwa taa za gari, kimwonyeshe dereva choo, maji na mahali pa kuegesha bila kuziba njia. Nne, vijana wapeane zamu ya kusafisha, na wajue kwamba Mwenyezi Mungu (S.W.) aliwasifu watu katika Suratut Tawba aya ya 108 kwa kupenda kwao kujitwaharisha. Tano, kama mnatoza chochote kwa ajili ya maji na sabuni, asirudishwe asiye na chenji. Asiulizwe pia dini yake, kwani haja haina dini, na huenda mlango uliomstiri usiku ukawa ndio da'awa ya kwanza kumfikia.

Ndugu zangu, tuanze na msikiti huu. Kabla hatujatawanyika leo, kamati ituambie ufunguo wa choo uko kwa nani, na kuanzia usiku huu mlango ule ubaki wazi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na wa majini, aitwaharishe miili yetu na nyoyo zetu, awaruzuku madereva wetu riziki ya halali isiyowatenga na swala, na aijaalie misikiti yetu kuwa makimbilio ya kila mwenye haja. Amin.

Wabillahi tawfiiq.